Kitambaa Kwenye Propela

Chilonda, Mpwapwa
11 Agosti 2024

Mume wangu Shaibu,

Salaam aleikum. Mkeo mzee bado napumua, ila goti la kushoto lina akili zake, likitaka linaamka na mimi, lisipotaka linabaki kitandani. Karanga tumevuna, si haba. Mbuzi mwenye doa amezaa mapacha, mmoja kamkataa, namnyonyesha kwa chupa kama sina kazi nyingine. Dada yako Kudra anakusalimu. Ana habari njema ambayo kwenye nguo bado haionekani, lakini mimi nimeshaiona. Hesabu zake zinasema mwisho wa Januari. Unajua yule wa kwanza tulimzika wapi na kwa nini, na unajua hospitali walisema nini: safari nyingine azalie hospitalini kwao Mpwapwa, kwa kisu, asithubutu kuzalia mlimani. Kwa hiyo gari la babu yako lina kazi mwakani, na kazi hiyo ni katikati ya mvua.

Sasa gari. Tumefika nalo juzi kutoka hapo Kizota. Nimewaambia wanawake wote wa hapa kwamba fundi wake ni wa tumbo la mwanangu, na kwamba sitaki kuona spana ya mtu mwingine chini yake. Kwenye lami, kutoka Mbande kwenda Kongwa, lilikuwa linaruka. Matonya alilipita basi dogo na dereva wake akamtolea macho. Matonya huyu ameliendesha tangu babu yako yu hai na sijapata kumwona anachekacheka hivyo.

Lakini kwenye mlima wetu hakucheka. Zamani anapanda na gia ya pili, watu wamekaa, magunia yamekaa. Safari hii aliingia ya kwanza, na hata hiyo ya kwanza ikawa inalia, watu wakashuka wakasukuma. Mimi sikushuka, ni gari langu. Nikawa nasikiliza. Lile gari lina sauti yake, naijua kama kikohozi cha marehemu. Hii siyo.

Ulitengeneza difu tu, au kuna kingine ulichogusa? Nijibu. Na usiniambie nipige simu. Mtandao hapa mpaka upande lile jiwe la juu, na goti nimeshakueleza. Barua mpe kondakta wa basi aiache dukani Mpwapwa kama kawaida, Matonya ataichukua akishuka.

Mkeo,
Sabiha binti Jamaldini

Kizota, Dodoma
3 Septemba 2024

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limekubali kuamka na wewe. Mimi ni mzima, nimehamia chumba cha Nzuguni, kina maji ya bomba siku nyingine. Mwambie Kudra nimefurahi sana na namwombea.

Kazi ni nyingi. Siku hizi mji umejaa watu wa maofisini na magari yao ni ya otomatiki, gia boksi inachagua gia yenyewe, dereva anakanyaga mafuta tu. Nimeyazoea mpaka nikipanda gari la gia za mkono, mkono wenyewe unashangaa.

Kuhusu gari, Bibi, usiwe na wasiwasi. Ngoja nikueleze ujue. Lile bomba refu linalozunguka chini ya gari ndiyo propela. Inatoka kwenye gia boksi inakwenda nyuma, inaingia kwenye difu, yaani kile cha duara kama chungu katikati ya ekseli. Mle ndani kuna gurudumu dogo la meno linalosukuma gurudumu kubwa la meno, na hilo kubwa ndilo linalogeuza tairi. Propela ikizunguka mara nyingi ndipo tairi ligeuke mara moja, gari lina nguvu ila halina mbio. Ikizunguka mara chache, gari lina mbio ila mlimani linachoka. Ni kama mtu na hatua zake. Hatua fupi zinachelewa lakini zinapanda. Hatua ndefu zinapendeza tambarare, kilimani zinakata pumzi.

Hata wewe unaweza kupima. Matonya ainue tairi moja la nyuma kwa jeki, gia iwe huru, afunge kitambaa kwenye propela, azungushe tairi mara mbili, wewe uhesabu kitambaa kimepita mara ngapi. Mara mbili kwa sababu lile tairi lingine limekaa chini. Hesabu hiyo ndiyo tabia ya gari.

Hilo lenu limefungwa vitu vipya, bado vinabana. Litazoea. Matonya naye asiogope kutumia gia ya kwanza, kazi yake ni hiyo.

Wako mtiifu,
Shaibu

Chilonda
6 Oktoba 2024

Mume wangu,

Salaam. Maulidi yamepita na wewe hukuja. Watu waliuliza, nikasema una kazi za wakubwa. Pilau yako alikula mbuzi wa chupa. Habari ya Kudra sasa inaonekana, na miguu inamvimba jioni. Mumewe Hanifu yuko Kibaigwa na ufuta wake, anatuma salamu tu, salamu hazibebi ndoo.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Nimekaa kisomo cha watu wazima mpaka kikafungwa, kwa hiyo usiniandikie kama unamwandikia mtoto. Ulinieleza difu ni nini. Sikukuuliza difu ni nini. Nilikuuliza umefanya nini.

Halafu unaniambia litazoea. Ng'ombe anazoea, mke anazoea, chuma hakizoei, kinalika tu. Miezi miwili sasa na bado watu wanashuka kusukuma.

Na kuna jambo la pili, hili ndilo lililoninyima usingizi. Kupanda ni aibu tu, lakini kushuka ni roho za watu. Matonya zamani akifika juu ya mteremko anaingiza gia ya pili, anaondoa mguu, gari linajizuia lenyewe, linashuka kwa adabu kama bibi harusi. Sasa akiingiza hiyo ya pili linakimbia naye. Analazimika kukanyaga breki njia nzima, na tukifika kwenye daraja kuna harufu ya kuungua. Juzi alisimama akamwagia tairi maji, moshi ukatoka. Nilimuuliza ni nini. Akasema, "Bibi, muulize mjukuu wako, mimi ni dereva."

Matonya ni Mgogo wa watu, hana maneno mengi. Akisema hivyo ana maana.

Kwa hiyo nakuuliza kwa maandishi. Difu iliyo nyuma ya gari langu ni ileile ya babu yako, au siyo? Umekaa na magari yanayojichagulia gia hata wewe umesahau kuchagua. Njoo ulione gari lako. Hujakanyaga hapa tangu tumzike babu yako.

Mkeo,
Sabiha

Nzuguni
29 Oktoba 2024

Bibi,

Shikamoo. Nimepokea barua. Nimemtumia Kudra kanga doti moja, na dawa ya kuchua ya goti lako, usiitie machoni.

Kazi imenibana, ila nitakuja kabla ya mvua, usijali. Kwa sasa mwambie Matonya ashuke na gia ya kwanza, polepole. Na jambo moja, Bibi, ni muhimu: ile gia ndogo ya kuunganisha tairi za mbele, asiitie kabisa. Hata kama kuna tope. Asiitie mpaka nije. Akivuta kwa nyuma peke yake inatosha.

Wasalimie wote.

Shaibu

Chilonda
24 Novemba 2024

Shaibu,

Tu wazima. Kanga imefika, Kudra ameipenda. Dawa inanuka.

Asitie tairi za mbele hata kama kuna tope. Nilikaa na maneno hayo siku kadhaa. Babu yako alinunua gari la kuvuta mbele na nyuma kwa sababu ya tope, si kwa sababu ya harusi. Anayekwambia una mikono miwili lakini mmoja usiutumie, anajua kitu kuhusu mkono huo.

Ijumaa, watu walipokwenda kuswali, nilimwita Matonya uani. Nikamwambia alete jeki. Nikachana kipande cha leso yangu ya zamani nikampa akafunga kwenye propela ya nyuma kama ulivyoelekeza. Akazungusha tairi mara mbili. Nilikaa kwenye kigoda, nikahesabu. Kitambaa kilipita mara nne na kidogo.

Matonya akataka kushusha jeki. Nikamwambia hatujamaliza, nenda mbele. Hilo wewe hukuniandikia, nililiwaza mwenyewe. Akafunga zile loki za tairi za mbele, akainua tairi moja, akahamisha kitambaa kwenye propela ya mbele, akazungusha. Kilipita karibu mara tano.

Matonya akainama akakikaza kitambaa. Kisha akasema, "Bibi, hesabu tena."

Nikahesabu tena. Ikawa ileile.

Kwa hiyo gari langu mbele lina hatua fupi na nyuma lina hatua ndefu. Ukiziunganisha zinavutana kama ng'ombe wawili kwenye nira moja, huyu anataka kukimbia na huyu anataka kutembea, mpaka kitu kikatike. Ulijua. Ulijua tangu Agosti ukaniandikia habari za bomba la Nzuguni.

Hapa anayejua ni mimi na Matonya. Kudra sijamwambia. Watu wa hapa nimewaambia gari ni zima, na nitaendelea kuwaambia hivyo. Swaumu, shangazi yako wa Mpwapwa, ametuma ujumbe kwamba Kudra ateremke mapema akae kwake angoje siku zake. Nimekataa. Kumteremsha mapema ni kupiga ngoma kijiji kizima kwamba gari alilolitengeneza Shaibu haliaminiki. Siwapi watu hicho chakula.

Nitafutie difu yenye meno ya babu yako. Ipakie kwenye basi, Matonya ataifunga. Wewe usije. Sitaki kukuona unatia mguu Chilonda mpaka nikuite mwenyewe. Mawingu yameanza kukaa upande wa Kibakwe.

Bibi yako

Kizota
12 Desemba 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Sijui nianzeje.

Ni kweli. Difu ya babu nilipoifungua nilikuta meno mawili yamevunjika. Nilizunguka Kizota yote sikupata yenye hesabu ile. Nikapata nyingine, umbo lilelile, inaingia palepale, bolti zilezile, ila ilitoka kwenye gari la kukimbia lami. Nikasema nitaifunga kwa muda, kabla ya mvua nitapata yenyewe. Siku ulipokuja kulichukua gari ulisimama katikati ya gereji, mbele ya fundi mkuu na wenzangu wote, ukasema, "Huyu wangu hajawahi kushindwa kitu." Ulikuwa umenishika mkono. Nilishindwa kufungua mdomo, Bibi. Baadaye kila barua nilikuwa naianza na habari hiyo, kisha naichana.

Sasa difu imepatikana. Ipo Ihumwa kwenye gari lililokufa, nimeihesabu meno mwenyewe, ni yenyewe. Lakini siwezi kuituma kwa basi. Meno hayo yanapangwa kwa kupimwa, yakikaa vibaya kidogo yanatafunana ndani ya wiki moja. Matonya hawezi, hajafundishwa. Lazima nije na mikono yangu.

Umesema nisije mpaka uniite. Basi niite. Nimeshafunga begi, nangoja neno lako tu. Likinifikia leo, kesho nipo njiani.

Na nakuomba kitu kimoja hata kama kwa hilo hutaniita tena mjukuu wako. Mteremshe Kudra kwa shangazi Swaumu sasa hivi. Usingoje gari liwe zima. Waambie watu ni mimi niliyeliharibu. Waambie lolote.

Mjukuu wako,
Shaibu

Chilonda
14 Januari 2025

Shaibu,

Kudra yu hai. Naandika hilo kwanza, ili usisome huku unatetemeka. Mtoto yu hai, ni wa kike, mdogo kama kuku, analia kwa sauti ya mtu mzima. Wako kwa Swaumu, Mpwapwa.

Barua yako nimeipata juzi. Ilikuwa dukani kule chini tangu mwezi uliopita. Mvua ilipoanza nilimwambia Matonya asishuke tena, aliache gari hapa tulitunze kwa siku ya Kudra. Kwa hiyo barua ilikuwa inangoja gari, na gari lilikuwa linangoja barua. Ameileta mtu wa kupita kwa miguu, ameifunga kwenye nailoni. Na hii ninayoandika inashuka kwa miguu vilevile.

Uchungu ulikuja kabla ya siku zake, Ijumaa ya tarehe tatu, asubuhi watu wanakunywa uji. Mvua ilikuwa imepiga siku mbili. Tulimlaza nyuma kwenye godoro, turubai juu, mimi nikakaa naye nimeshika kichwa chake. Matonya aliingiza gia ya kwanza tukaanza kuteremka. Kwenye tope la juu nyuma ikaanza kuteleza, inakwenda upande wa korongo. Anakanyaga breki, inateleza. Anaachia, inakimbia. Akasimamisha kwa kuegemeza tairi kwenye jiwe, akatoa kichwa dirishani.

"Bibi, nitie mbele au nisitie?"

Alikuwa anajua na mimi nilikuwa najua. Kudra hakujua, aliniangalia tu. Nikasema, "Tia."

Akatia. Kwenye tope ilishika, gari likakaa sawa, tukashuka vizuri, nikaanza kushukuru. Tope linasamehe, tairi linateleza kidogo hesabu zinalingana. Lakini unapajua pale katikati penye mwamba, pasipo na udongo. Tairi zote zilipokamata mwamba gari likakakamaa. Likawa linarukaruka kama punda aliyefungwa miguu. Matonya akajaribu kuitoa ile gia ndogo, haikutoka, imebanwa. Kisha chini yetu pakapasuka kitu. Ni lile boksi dogo lililo nyuma ya gia boksi, limepasuka vipande viwili, mafuta yakatiririka kwenye jiwe. Injini inanguruma na tairi hata moja halisogei.

Mtoto alizaliwa humo nyuma. Nilimpokea mwenyewe. Lakini damu ya Kudra haikukatika. Matonya alipiga mbio akaita watu, wakageuza kitanda cha kamba kuwa machela, wanaume wakapokezana mpaka darajani, na kutoka hapo wakapata trekta la watu. Hospitali walimwokoa. Kizazi wamekitoa. Huyo wa kike ndiye wa kwanza kuishi, na ndiye wa mwisho.

Nimekaa siku hizi nikitafuta wa kumgombeza. Nilianza na wewe, na sijamaliza. Umenificha. Ulikuwa na Agosti, na Septemba, na Oktoba nzima. Difu mbovu si dhambi, kila chuma kinavunjika. Lakini ulijua mlima wetu, umekulia juu yake, ukaupa gari la lami.

Halafu nikasoma tena hii barua iliyochelewa. Umeandika unangoja neno langu. Begi limefungwa. Nani aliandika usije? Ni mimi. Nani aliyekataa Kudra asiteremke kwa shangazi yake, ili watu wasiseme? Hakuna aliyenishika mkono. Nilikuwa na kigoda, na kitambaa, na hesabu nimeipata sawasawa, nikaikalia. Nilitaka jina lako libaki safi hapa Chilonda, nikalilipia na tumbo la Kudra, bila kumuuliza.

Siku ya Kudra kutoka hospitali nilimweleza yote, mbele ya Swaumu. Difu, kitambaa, barua zetu, na ile "tia" niliyoisema. Sikupunguza. Alikuwa ananyonyesha, akamhamishia mtoto ziwa la pili. Kisha akauliza jambo moja tu: "Shaibu anajua nimeumia?" Nikamwambia bado. Akasema, "Basi mwambie aje." Sijui anataka kukukumbatia au kukutemea mate. Sikumuuliza, si haki yangu tena.

Jana baada ya swala niliwaomba wanaume wasiondoke, na Matonya akawaita watu wa kanisani kwao, nikawaambia na wao. Wengine waliinamisha vichwa. Mmoja alicheka, namjua, sitamtaja.

Sasa nisikilize. Gari liko palepale kwenye mwamba, katikati ya njia. Watu wanalizunguka. Wamekuja na kamba na ng'ombe wakitaka kulivuta, nimekataa, halitoki hapo kwa kamba. Njoo. Nakuita, mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Njoo na difu ya Ihumwa, na boksi lingine, na kila unachohitaji, mpaka darajani utaletwa, kutoka hapo utabeba, watu watakusaidia au hawatakusaidia. Litengeneze hapohapo juu ya jiwe, mchana, watu wakipita.

Mvua ikikatika nitamleta Kudra na mtoto wake mpaka hapo. Ukimaliza, usiniambie kwamba tayari. Matonya ameshafunga vitambaa, kimoja propela ya mbele na kimoja ya nyuma. Inua tairi, zungusha, na Kudra ndiye atakayehesabu.

Bibi yako,
Sabiha binti Jamaldini